Jeki Inainua, Nani Anashikilia?

Fungua gazeti la Kiswahili siku yoyote na neno jeki halitakosa. Kilimo cha kahawa kimepigwa jeki. Mbunge amepiga jeki vikundi vya akina mama. Timu imepigwa jeki na mdhamini mpya kabla ya msimu kuanza. Neno lilitoka gereji, likanawa mikono, likavaa suti, na siku hizi linakaa meza moja na mawaziri. Hakuna anayelisoma akakumbuka chuma na mafuta.

Kuna usemi mwingine uliotoka pale pale gereji lakini ukafuata njia nyingine. Gari likiharibika na mwenyewe hana pesa, huinuliwa, magurudumu hutolewa, likaachwa juu ya mawe. Ndiyo maana msee akikwambia yuko juu ya mawe, usimwombe hata nauli. Jeki ni neema, mawe ni ufukara.

Mimi naona lugha hapo imetuambia nusu ya ukweli. Jeki kazi yake ni kuinua, na kazi hiyo huisha kwa dakika mbili. Kinachobaki na wewe saa nzima, ukiwa umelala chali chini ya kilo elfu moja na mia kadhaa za chuma, ni kile kinachoshikilia. Tumemsifu anayeinua, tukamsahau anayeshikilia. Nimejaribu kufuata historia ya huyu wa pili katika upande huu wa Mlima Kenya, kwa sababu kila wikendi naona vijana wa rika langu wakiingia chini ya magari kana kwamba hakuwahi kuwepo.

*

Naishi Sagana, mji ambao watu wengi huujua kwa samaki, kwa wale wanaoteremka mtoni na mashua za mpira, na kwa kupita tu. Barabara ya kutoka Nairobi inaendelea Karatina na Nyeri. Nyingine inachepuka kwenda Kagio na Kerugoya. Mji wa njia panda huishi kwa magari, na kando ya barabara hutakosa mtu ameinua kitu.

Lakini kabla ya gari kulikuwa na treni. Reli ilifika Thika mwaka 1913, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1930 ilikuwa imeshapita hapa, ikapanda Karatina, ikaishia Nanyuki. Mabehewa ya reli huwa yanatoka kwenye njia yake, na zama hizo kifaa cha kuyarudisha kilikuwa jeki ya skrubu: pipa fupi nene la chuma, na wanaume wa kulizungusha. Skrubu ina sifa moja nzuri. Ukiacha kuizungusha inabaki pale pale, kwa sababu msuguano wa meno yake unaikatalia kurudi chini.

Hata hivyo watu wa reli, huku na kwingineko duniani, hawakuiachia jeki mzigo peke yake. Waliinua kidogo, wakajaza mataruma chini. Wakainua tena kidogo, wakajaza tena. Jeki ikiteleza, behewa linashuka kwa unene wa ubao mmoja na kutua juu ya mbao. Kwa kila anayezungusha skrubu kulikuwa na mwenzake anayesukuma mbao. Inua kidogo, jaza kidogo. Kama ningeruhusiwa kuandika sentensi moja tu hapa, ningeandika hiyo na kwenda zangu.

*

Jeki ambayo wengi wetu tunaijua haina skrubu ya kushikilia mzigo. Inatumia mafuta. Mwingereza Joseph Bramah alipata hataza ya mashine ya kugandamiza kwa nguvu ya maji mwaka 1795, na mwaka 1851 Richard Dudgeon wa New York akapata hataza ya jeki ndogo ya haidroli ya kubebeka. Wazo lenyewe ni rahisi. Una pistoni nyembamba na pistoni nene, na mafuta katikati. Ukisukuma ile nyembamba safari ndefu, ile nene inapanda safari fupi lakini kwa nguvu nyingi mara kadhaa. Ndiyo maana hata msichana wa darasa la nane anaweza kuinua gari kwa mkono mmoja.

Sasa uliza swali la pili: ukishaacha kupampu, gari linashikiliwa na nini? Linashikiliwa na mafuta yaliyofungiwa ndani. Na mafuta hayo yamefungiwa na nini? Sili ya mpira, na gololi ndogo ya chuma iliyokaa kwenye tundu lake. Sili inazeeka. Chembe ya mchanga ikikaa chini ya gololi, mafuta yanavuja. Pengine yanavuja polepole, gari linashuka kama lift ya hospitali. Pengine sili inapasuka na gari linashuka mara moja. Jeki ya haidroli iliinua vizuri kuliko ya skrubu, lakini kwa kushikilia ilikuwa hatua ya kurudi nyuma, na hilo halikuandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi.

Kwa miaka mingi haikuwa shida kubwa kwetu, kwa sababu kulikuwa na mtu.

*

Mtu huyo aliitwa taniboi. Watanzania humwita utingo. Alikaa nyuma ya lori juu ya magunia, na kazi yake ilikuwa kila kitu ambacho dereva hakutaka kufanya: kupakia, kushusha, kufunga turubai, kulala na mzigo. Kwenye mlima, lori likizidiwa, alikuwa anaruka chini na kuweka jiwe au kabari ya mbao nyuma ya gurudumu kabla lori halijaanza kurudi. Tairi likipasuka, dereva aliangalia jeki, taniboi aliangalia magurudumu.

Niliacha chuo mwaka wa pili, na tangu hapo Jumamosi zangu nyingi, nisipokuwa na kazi ya kuandika, huishia kwenye gereji moja ya hapa mjini ambapo mzee mmoja, mimi humwita guka, bado anafanya breki na springi. Alianza kazi kama taniboi kwenye malori ya mchele kutoka Mwea. Nilimuuliza kama ile kazi ilikuwa na heshima yoyote.

"Heshima gani, kijana wangu? Dereva alikuwa na usukani, mimi nilikuwa na jiwe," aliniambia. "Lakini kwa ule mlima wa kwenda Karatina, angeuliza nani ako na jiwe kabla ya kuuliza nani ako na pesa."

Gereji za jua kali nazo zilikuwa na mtu huyo. Mafundi wengi wa Kiafrika walijifunza kazi kwenye karakana za Wahindi, kisha wakafungua zao chini ya mti au kando ya mto, kama pale Nairobi kwenye barabara iliyoitwa Grogan, ambayo leo inaitwa Kirinyaga Road, jina la kaunti yetu. Shirika la Kazi Duniani lilipoleta wataalamu wake Kenya, ripoti yao ya mwaka 1972 ilishangaa kuona jinsi kazi hizi zisizosajiliwa zinavyolisha watu wengi. Na katika kila gereji kama hiyo kulikuwa na kijana wa spana, mwanafunzi asiyelipwa au anayelipwa chai, ambaye alitumwa: lete kumi na nne, shika hapa, weka mbao hapo, angalia hiyo jeki. Alipokuwa anaangalia jeki alikuwa anajifunza kazi. Na fundi aliyekuwa chini ya gari alikuwa na macho ya pili juu.

*

Magari yenyewe nayo yalisaidia, kwa kuwa yalikuwa marefu.

Hapa lazima nikupeleke kwenye Sagana nyingine, ile ambayo wageni huichanganya na yetu. Sagana Lodge, ambayo sasa ni ikulu ndogo, iko Nyeri upande wa Kiganjo. Hapo ndipo Elizabeth aliambiwa tarehe 6 Februari 1952 kwamba baba yake, mfalme, amefariki, na yeye sasa ni malkia. Mwaka uliofuata, kusherehekea kutawazwa kwake, wapenzi wa magari wakaanzisha mashindano ya Coronation Safari kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Ndiyo yaliyokuja kuwa Safari Rally.

Mashindano hayo yalikuwa mtihani wa barabara zetu za udongo, na barabara zilishinda karibu kila mwaka. Mwaka 1963 yalianza magari 84 na yakamaliza saba tu. Mshindi alikuwa Nick Nowicki na Peugeot 404. Mwaka 1968 yakamaliza saba tena, na Nowicki akashinda tena na 404. Kisha 504 ikaja, ikashinda mwaka 1975 na 1978. Peugeot iliyopendwa kwenye rali ndiyo iliyokuwa teksi ya kusafirisha watu kati ya miji, ndiyo pikapu ya kubeba kabeji. Sababu zilikuwa zile zile: springi za safari ndefu na tumbo lililo mbali na ardhi.

Gari la namna hiyo halikupi shida ya kuinua. Jeki ya chupa, ile iliyosimama wima, ikiwa imefungwa ina urefu wa karibu sentimita 18 hadi 20. Chini ya Peugeot ya zamani, kwenye barabara ya changarawe, iliingia bila kubishana. Na tairi likiwa limepasuka hukuhitaji kulala chini kabisa. Ulichutama, ukabadilisha, ukaenda. Mfumo mzima, kuanzia jeki mpaka taniboi mpaka urefu wa gari, ulikuwa umekubaliana.

*

Makubaliano hayo yalivunjika polepole, na si rahisi kusema ni lini. Miaka ya 1990 soko lilifunguliwa na magari yaliyotumika yakaanza kumiminika kutoka Japani. Sheria ya ubora, KS 1515 ya mwaka 2000, ikaweka mpaka wa miaka minane, lakini haikuweka mpaka wa mapenzi. Gari lililotengenezewa lami ya Tokyo likawa gari la kwanza la mwalimu wa Kutus na la mwanasheria wa Nyeri. Kisha likawa la mtoto wao, na mtoto akakata springi.

Kuna kitu huwa kinanichekesha kila Safari Rally inapoendeshwa Naivasha, tangu iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021. Magari yanayoshindana yameinuliwa, yamewekewa shoki za kuruka mitaro. Magari ya watazamaji, msafara mzima wa Subaru kutoka Nairobi na huku kwetu, yamelala chini hadi bampa linasalimia kila tuta. Tunakwenda kushangilia gari refu tukiwa ndani ya gari fupi. Na barabara inaturuhusu zaidi kila mwaka. Ujenzi wa njia mbili kutoka Kenol kupitia Sagana hadi Marua, kilomita 84, umefanya gari lililolala liwe kitu cha kawaida kwenye njia ambayo babu zetu walivuka kwa minyororo kwenye magurudumu.

Silaumu. Gari lililoshushwa ni zuri, na anayesema sivyo hajaliona likipiga kona ya Karatina jioni. Lakini hesabu ni hii. Impreza ya kawaida tumbo lake liko karibu sentimita 15 kutoka ardhini. Jeki ya chupa ni 18. Ukishusha gari sentimita nne au tano, hata jeki ya troli ya kawaida inagonga bampa kabla ya kufika mahali pa kuinulia. Kwa hiyo mwenye gari anaanza kubuni. Anainua kwa jeki ya mkasi iliyokuja na gari, ile iliyoundwa kwa kubadilisha tairi tu. Anainua kwenye ukingo wa plastiki. Anapanda ukingo wa barabara gurudumu moja. Akishapata nafasi ya kuingiza kichwa, anaona kazi ya kuinua imekwisha, na kweli imekwisha. Ya kushikilia haijaanza.

Na yuko peke yake. Gereji kubwa za siku hizi zina mtambo wa kuinua gari zima, uvumbuzi unaohusishwa na Peter Lunati wa Memphis, Marekani, miaka ya 1920, ambaye inasimuliwa alipata wazo kutoka kiti cha kinyozi. Mitambo ya kisasa ina makufuli ya chuma yanayojifunga hatua kwa hatua inapopanda, kwa hiyo haidroli ikifa kufuli linabaki. Yaani wamemweka taniboi ndani ya mashine. Sisi wa parkingi ya ploti, tunaofanya sevisi nyumbani kwa sababu doo ya gereji haipo, tumebaki na ile nusu ya kwanza tu. Kijana wa spana hayupo. Badala yake kuna simu imeegemezwa kwenye boksi la zana, video inacheza, na anayeongea kwenye video hawezi kuona kwamba jeki yako inashuka.

*

Guka ana njia yake ya kuinua magari haya, na ukiitazama vizuri ni ile ile ya reli. Naiandika kama nilivyoiona, kwa sababu historia isiyokusaidia kutoka chini ya gari ukiwa mzima ina kasoro.

Anaanza na ardhi. Lazima iwe tambarare na ngumu: saruji, kabro au lami. Udongo wetu mwekundu ukiwa umenyeshewa unameza mguu wa jeki. Ikibidi kufanyia hapo anaweka ubao mpana mnene chini ya jeki na chini ya kila stendi.

Pili, jiwe la taniboi. Breki ya mkono, gia ya kwanza au P, kisha kabari mbele na nyuma ya magurudumu yatakayobaki chini. Hapa kuna mtego. Kwenye magari mengi breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma, kwa hiyo ukiinua nyuma hiyo breki imeinuliwa pamoja nayo na haishiki kitu. Kwenye Subaru Leone za zamani ilishika ya mbele. Guka hajishughulishi kukariri. Anaweka kabari kila mara.

Tatu, urefu wa kuazima. Anaweka mbao mbele ya magurudumu, pana kuliko tairi, nene kama sentimita nne au tano, na gari linapandishwa juu yake taratibu. Sasa bampa limeinuka na jeki ya troli inapita. Ukiwa na uwezo, zipo troli fupi zinazoanzia sentimita 8 au 9, na kwa gari lililoshushwa hizo ni bora kuliko springi mpya.

Nne, mahali pa kuinulia. Kitabu cha gari kinaonyesha: ile mikunjo ya chuma iliyoimarishwa chini ya milango, na kwenye magari mengi boriti ya katikati mbele. Hainui kwenye sampo ya oili, wala sakafu, wala plastiki. Katikati ya jeki na gari huweka kipande cha raba kilichokatwa kutoka tairi kuukuu, ili chuma kisiteleze juu ya chuma.

Tano, stendi. Hapa ndipo anapokuwa mkali. Anaingiza stendi mbili za uwezo unaotosha, anashusha jeki polepole hadi uzito wote uketi juu ya stendi, kisha anausukuma mwili wa gari kwa bega. Likitikisika, afadhali litikisike yeye akiwa nje. Jeki anaiacha pale pale, imegusa tu. Na gurudumu lililotolewa halitupwi kando. Linalazwa chini ya ubavu wa gari. Kila kitu kikishindwa, rimu itaharibika na mtu atapona.

Mawe hatumii. Siku moja kijana alileta mawe mawili ya Ndarugo, yale ya kujengea, yaliyokatwa sawasawa kwa mashine na kupendeza macho. Guka aliyaangalia akasema yarudi kwenye ukuta. Jiwe la ujenzi na tofali la saruji vimezoea uzito uliotandazwa. Ukiviwekea uzito wa gari kwenye ncha moja ya chuma vinaweza kupasuka bila kulia kwanza. Mbao hulalamika kabla ya kuvunjika. Jiwe hukaa kimya mpaka mwisho.

*

Nilimuuliza hiyo stendi inaitwaje kwa Kiswahili. Akasema stendi. Nikamuuliza kwa Gikuyu. Akafikiria kidogo, akasema stendi. Jina lile lile ambalo Watanzania wameipa kituo cha mabasi. Kifaa kilichozuia asizikwe mapema hakijapata hata jina lake chenyewe, wakati jeki ina methali nzima bungeni.

Nadhani hili linaeleza kitu kuhusu pesa zetu pia. Kijana akikusanya elfu chache za zana ananunua jeki kwanza, na mara nyingi anaishia hapo, kwa sababu jeki ndiyo inayofanya kitu kionekane. Stendi inasimama tu. Ukiinunua hakuna kilichoongezeka. Gari liko pale pale lilipokuwa. Thamani yake yote iko katika kitu ambacho hakikutokea. Taniboi alilipwa vibaya kwa sababu hiyo hiyo: siku njema yake ilikuwa siku ambayo lori halikurudi nyuma, na nani atalipa vizuri kwa lori kutorudi nyuma?

Basi kama una gari lililolala na una mpango wa kubadilisha oili Jumapili, nunua stendi kabla ya jeki. Jeki unaweza kuazima kwa jirani na kuirudisha jioni. Stendi ziwe zako, zilizopigwa chapa ya uzito zinaobeba, zenye pini au meno ya chuma ya kuzifunga. Na mwite mtu. Si lazima ajue gari. Mpe kiti, mpe chai, mwambie kazi yake ni kuangalia na kupiga kelele. Hapa kwetu kazi hiyo ilifanywa na wanaume kwa miaka mingi bila jina zuri wala mshahara wa maana, na madereva wao wengi walizeeka.